Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mafuta: moshi wa Malaba huanzia tangini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini. Kwa wakuu wa Shirika la Taifa la Mafuta, Shirika la Viwango na Mamlaka ya Mazingira. Na wale wa Ujenzi na Uchukuzi nao wasome.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli. Karakana yangu iko Malaba, upande wetu wa Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori, na kazi hii ninaifanya mwaka wa 26 sasa. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho lugha ya barabara hii kuanzia Mombasa hadi Kongo. Tena Baraza la Mawaziri lenyewe mwaka 2022 lilipitisha kifundishwe shuleni, kwa hiyo naamini nimefuata sera ya serikali.

Karibuni Malaba saa kumi na moja alfajiri. Malori yaliyolala yanaanza kuwashwa, moja hapa, tatu kule. Kwanza unatoka moshi mweupe unaowasha macho, kwa kuwa injini bado ni baridi. Kisha dereva anakanyaga mafuta akiwa amesimama palepale, anasubiri upepo wa breki ujae, na moshi unageuka mweusi. Mama anayeuza chai na mandazi mbele ya karakana yangu ameshazoea: akisikia stata ya kwanza anafunika sufuria kwa sinia na anamvuta mtoto ndani ya leso. Kufika saa moja, ukipitisha kidole juu ya meza yake ya mbao kinatoka na weusi wa masizi, na meza ile aliifuta usiku. Januari 2022, foleni ya vipimo vya Covid iliporudi nyuma mpaka mbali ndani ya Kenya, ilikuwa hivyo mchana kutwa.

Moshi huu ukitajwa kwenye mikutano, mashtaka ni yaleyale: malori ni mikweche, madereva hawajali, mafundi ni wababaishaji. Sheria ya 2018 ikazuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu yaundwe. Sawa. Lakini injini ya lori haizikwi, inafufuliwa. Inabadilishiwa ringi na beringi, inarudi barabarani, na itaendelea kurudi wanangu wakiwa wazee.

Sehemu ya lawama naikubali. Nozeli ikichoka hainyunyizi tena, inakojoa, kama tunavyosema gereji. Filta ya hewa ikijaa vumbi injini inakosa pumzi. Tajiri akitaka lori lake lipande milima ya Kabale na mzigo uliozidi, anakuja tumfungulie pampu imwage mafuta zaidi, nasi tunafungua maana tunataka kula. Na kuna baya kuliko hayo. Malori yaliyotumika Ulaya huja na chujio la masizi ndani ya ekzosi. Likiziba, mwenye lori hataki habari ya kulisafisha, anataka likatwe. Nimekata zaidi ya moja kwa mikono hii.

Lakini nimekuwa nikifanya jaribio langu dogo miaka mingi. Lori likija linafuka, naweka nozeli mpya, nazipima kwenye benchi moja moja mpaka kila moja inatoa umande mwembamba kama wa alfajiri. Naweka taimingi sawa, yaani wakati wa mafuta kunyunyizwa ndani ya injini, nabadilisha filta. Halafu nafunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa ekzosi, namwambia kijana wangu akanyage kidogo kwa dakika moja. Kabla ya matengenezo kitambaa kinatoka cheusi tititi. Baada ya matengenezo kinatoka kijivu chenye duara jeusi katikati. Duara hilo halijawahi kunitoka, hata kwa injini niliyoifunga upya yote. Umri wa injini una sehemu yake pale. Sehemu nyingine imo kwenye mafuta, na juu ya hiyo mimi fundi sina spana.

Kilichonifumbua macho ni tadooba mbili, yaani vibatari. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Nairobi kwa mafunzo ya siku tatu ya pampu. Mwalimu akaweka mezani chupa mbili. Moja ilikuwa na dizeli tunayoijua, ya manjano na harufu yake ile inayokaa kwenye nguo mpaka Jumapili. Ya pili ilikuwa na kitu cheupe kama maji ya kunywa, ukinusa karibu hupati kitu. Tukabisha kwamba si dizeli. Akamimina kila moja kwenye tadooba yake, za makopo na tambi ya pamba kama zilizotusomesha sisi wengine usiku, akaziwasha, akashika sahani nyeupe juu ya kila moja. Ile ya dizeli ya kawaida ikafuka uzi mweusi na sahani ikachafuka papo hapo. Ya pili ikawaka moto mweupe uliotulia, na sahani ikapata kivuli tu cha rangi ya chai. Fundi mmoja kutoka Nakuru aliichukua ile sahani akaipangusa kwa kidole kuhakikisha hakuna mazingaombwe.

Ile ilikuwa dizeli ya kutengenezwa kiwandani, dizeli sintetiki. Naieleza kwa lugha ya gereji, wahandisi wenu watanisahihisha.

Dizeli ya kawaida ni mchanganyiko wa molekuli za kila umbo. Zimo zilizonyooka kama mnyororo, na zimo zilizojikunja kama pete, ndizo wataalamu wanaziita aromati. Mnyororo unakatika upesi kwenye moto na kuungua. Pete ni ngumu kuvunjika, na pale moto unapokosa hewa ya kutosha pete hushikana na pete nyingine mpaka zinakuwa punje ya masizi. Dizeli sintetiki karibu yote ni minyororo: aromati haifiki hata asilimia 2, na salfa ni kama haimo. Mbegu ya masizi imetolewa kabla mafuta hayajaingia tangini.

Jambo la pili ni namba ya setani (si shetani, ingawa wanafunzi wangu hucheka kila mara), kipimo cha wepesi wa mafuta kushika moto. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta hushika moto kwa joto la hewa iliyobanwa. Kati ya nozeli kufunguka na moto kushika kuna muda mdogo sana, na mafuta yakichelewa kushika moto yanarundikana kwanza, kisha yanalipuka kwa mpigo. Kule kugonga unakosikia injini ikiwa baridi ni huko. Joto la ghafla la mlipuko huo ndilo linalounganisha naitrojeni na oksijeni ya hewani, zikatoka oksidi zinazochoma koo. Dizeli ya kawaida ya Ulaya inatakiwa iwe na setani isiyopungua 51. Ya sintetiki huanzia 70. Inashika moto mapema, inaungua kwa utaratibu, injini haigongi sana, na ule moshi mweupe wa alfajiri unapungua kwa sababu mafuta yasiyoungua hayatoki mengi.

Kuna na la kifundi zaidi ambalo vitabu hulipitia haraka. Kwenye pampu zetu za zamani, zile za mabomba marefu ya chuma kutoka pampu hadi nozeli, mafuta haya hubanika kirahisi kidogo kuliko dizeli ya kawaida, kwa hiyo msukumo unafika kwenye nozeli umechelewa kiasi. Ni kama umerudisha taimingi nyuma nyuzi kidogo bila kugusa spana, na hilo nalo linapunguza oksidi za naitrojeni. Maana yake injini zinazolaumiwa, mikweche yenyewe, ndizo zinazonufaika zaidi. Lori jipya la Yuro 6, kiwango cha moshi cha Ulaya, lenye chujio na mfumo wake wa kusafisha likinyweshwa mafuta haya halitaonyesha tofauti kubwa kwenye ekzosi, maana chujio limeshafanya kazi. Malori ya namna hiyo hapa Malaba nayahesabu kwa vidole, na nimeshasema yanayoyapata yakifika kwetu.

Helsinki walijaribu barabarani. Kati ya 2007 na 2010 mabasi yapatayo 300 ya jiji, ya rika mbalimbali, yalitumia dizeli ya jamii hii iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea na ya wanyama yaliyotiwa haidrojeni. Mengi yalitumia mchanganyiko wa asilimia 30, mengine mafuta yenyewe matupu. Kwa matupu, masizi yalipungua kwa wastani wa karibu asilimia 30, na oksidi za naitrojeni kwa karibu asilimia 10. Hawakubadilisha injini. Walibadilisha kilichomo tangini.

Mambo haya si mapya. Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, walivumbua njia yake mwaka 1925 kule Mülheim: unageuza makaa au gesi kuwa hewa ya monoksidi ya kaboni na haidrojeni, unaipitisha kwenye kichocheo cha chuma au kobalti, inatoka nta na mafuta. Ujerumani ilipigana Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa kwa mafuta ya makaa. Afrika Kusini ilianza Sasolburg mwaka 1955. Qatar ina kiwanda kikubwa cha gesi, Pearl, tangu 2011. Ulaya ilishaandika kiwango maalumu cha dizeli hizi, EN 15940, ili kituo kinachoiuza kijue kinauza nini. Sisi kiwango chetu cha Afrika Mashariki kinaruhusu salfa sehemu 50 katika milioni tangu Januari 2015. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na nawapa hongera, lakini kinazungumzia dizeli ya kawaida. Chupa ile ya Nairobi ikija hapa leo itaanguka mtihani kwa sababu ni nyepesi mno. Itakataliwa kwa usafi wake!

Hapa nawaonya juu ya jina. Vitabuni wanaiita dizeli ya kiparafini. Tafadhali msilete neno hilo barabarani. Huku kwetu parafini ni mafuta ya taa, na mafuta ya taa ndiyo yanayochakachua dizeli usiku kwenye madumu kando ya barabara. Serikali inatia alama ya kemikali kwenye mafuta kupambana na watu hao. Ninalo sanduku zima la plunja zilizokwaruzwa, zile pistoni ndogo zinazosukuma mafuta ndani ya pampu, kila moja ina historia ya mafuta ya taa, ukizishika juani unaona mistari kama kucha imepita. Mkitangaza kwamba serikali inasifu dizeli ya parafini, kesho yake kila mchakachuaji atakuwa na cheti cha maneno. Iiteni dizeli sintetiki, au jina lolote mtakalopenda, mradi si hilo.

Nimesema mazuri, na mabaya niyataje mwenyewe msije mkaambiwa na muuzaji baada ya kulipa. Dizeli sintetiki tupu ni kavu. Haina ulainisho wa kutosha kwa pampu, lazima itiwe dawa ya kulainisha kabla ya kuuzwa, na anayeiruka hatua hiyo atanijazia sanduku la pili la plunja. Oringi za zamani za mpira zimezoea kuvimba ndani ya aromati. Ukizihamisha ghafla zinasinyaa na pampu inavuja, kwa hiyo lori lililozeeka libadilishiwe oringi kwanza, au lianze na mchanganyiko. Lita yake ni nyepesi, yapata gramu 780 dhidi ya 830 hivi, kwa hiyo dereva atahisi nguvu imepungua kidogo mlimani na atanunua lita zaidi kidogo kwa safari ileile. Bei yake iko juu. Na kama hoja ni hali ya hewa ya dunia, chungeni sana: inayotoka kwenye makaa ni balaa kwa kaboni dioksidi, inayotoka kwenye gesi haina nafuu ya maana, na ile ya mafuta ya mimea inategemea mimea imetoka wapi. Tumeona misitu ya Kalangala ikigeuka michikichi, na mwaka 2022 tuliona bei ya mafuta ya kupikia ilivyopaa. Sitaki lori linywe kikaango cha mtu.

Mimi nazungumzia pua. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza Juni 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango cha chembe laini hewani hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere wa AirQo, mradi wa kupima hewa, wameweka vipimo juu ya majengo na hata kwenye bodaboda, na Kampala inazidi kiwango hicho mara nyingi. Dizeli haibebi lawama yote, kuna vumbi, kuna takataka zinazochomwa, kuna kuni na mkaa. Ila ya dizeli inatolewa kwenye kimo cha uso wa mtoto aliyebebwa mgongoni.

Sasa maombi yangu.

Tangu Julai 2024 mafuta yote ya nchi hii yanaagizwa kupitia mlango mmoja, Shirika la Taifa la Mafuta. Wengi walilalamika, mimi naona nafasi. Zamani ungelazimika kuwabembeleza waagizaji kadhaa. Leo karatasi ya kuagizia ni moja. Naomba Shirika la Viwango liandike kiwango cha dizeli sintetiki, pamoja na kipengele cha ulainisho, na Shirika la Mafuta liruhusiwe kuagiza kiasi kidogo cha majaribio. Kiasi hicho kisipitie bomba la Mombasa kitakapochanganyika na kila kitu. Kije kwenye matangi ya kontena mpaka Kampala. Kisiuzwe vituoni. Kipewe magari yanayojaza kwenye tangi lao wenyewe: malori ya taka ya jiji, mabasi, jenereta za hospitali, na kivuko kimoja cha ziwani. Nusu yao wapewe mchanganyiko wa asilimia 30, nusu wapewe tupu, na magari mengine ya aina hiyo yabaki na dizeli ya kawaida ili tulinganishe. Msichague magari mapya. Mtu wa protokali atataka kuleta yanayong'aa ili picha zipendeze, mkatalieni. Leteni lori lililopinduka mara mbili likarudi barabarani, hilo ndilo Uganda.

Ombi la pili linahusu Kabaale ya Hoima, si Kabale ya milima. Machi 2025 mlitia saini na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kule Hoima. Sisi mafundi tunajua jambo moja kuhusu mafuta yetu ya Bonde la Albert: yana nta. Ndiyo maana bomba la kwenda Tanga litapashwa moto njia nzima, kilomita 1,443, yasigande. Wengi wanaitaja nta kama kasoro. Lakini nta ni minyororo mirefu, ndugu wa damu wa ile nta inayotoka kwenye kichocheo cha Fischer na Tropsch, ambayo viwanda vya Qatar huikata vipande ili ipatikane dizeli. Na salfa ya mafuta yetu ni kidogo. Mungu ametupa nusu ya kazi imeshafanywa. Kiwanda kikifungwa mitambo ya kukata nta kwa haidrojeni, dizeli ya Hoima inaweza kutoka na setani ya juu, aromati kidogo na salfa chini ya sehemu 10. Kikijengwa kwa bei ya kukimbizana, tutatoa dizeli ya kawaida kutoka mafuta yasiyo ya kawaida, na kurekebisha mtambo baada ya kujengwa ni ghali kuliko kuubadilisha kwenye mchoro. Wekeni namba hizo kwenye mkataba sasa hivi, setani, aromati, salfa, wino haujakauka sana.

La tatu ni dogo. Mkikagua magari, mkague na dizeli iliyomo. Askari wa barabarani anatazama rangi ya moshi na kuandika faini. Hajawahi kuchukua hata chupa ya soda ya mafuta kutoka tangini. Dereva aliyenunua dizeli kwenye kituo chenye risiti halali analipa kosa la mtu mwingine, na mimi ndiye ninayemsikiliza akilia juu ya benchi langu.

Ninalo benchi la kupimia nozeli, ninavyo vitambaa vyeupe vya kutosha, na mbele ya karakana kuna foleni ya injini za kila rika, bure, saa 24. Mkiniletea majerikani mawili ya lita 20, moja la dizeli ya kituoni na moja la sintetiki yenye dawa yake ya ulainisho, nitatafuta lori la miaka ya tisini ambalo mwenyewe ameridhia, tutajaza tangi dogo la pembeni, na mtakaa kwenye benchi la mama wa chai kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Chai nitalipa mimi. Mje na mashati meupe.

Wenu,
Fundi wa pampu na nozeli, Malaba, wilaya ya Tororo